Ava Gardner: Nilianza kwa Kumtazama, Sasa Namsikiliza

Wazee waliokuwa wakienda sinema enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru, ukiwatajia Ava Gardner watakujibu Mogambo. Jibu hilo lina haki yake. Filamu hiyo ya mwaka 1953, iliyoongozwa na John Ford, ilipigwa picha huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika upande wa Mto Kagera, na kule Kongo ya Wafaransa. Ndiyo iliyompa Ava uteuzi wake wa pekee wa tuzo ya Oscar, na waliokwenda kuiangalia walitaka kuona nchi yao kwenye pazia kubwa. Mimi mwenyewe niliingilia mlango huo huo, au karibu nao. Leo nikiulizwa kwa nini nampenda mwigizaji huyu, Mogambo siitaji mwanzoni wala katikati. Nataja filamu ambazo hata wapenzi wa sinema za zamani wengi wao wamezisikia tu.

Nimekulia Tabora, kwenye kota za reli, baba akiwa karani wa stesheni. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo aliyekuwa na deki ya video alikuwa na mtaa mzima sebuleni kwake. Shangazi yangu, muuguzi wa Dar es Salaam, akija likizo alikuja na mikanda: ya Kihindi kwa ajili ya mama, ya karate kwa ajili ya kaka zangu, na mmoja au miwili ya Kizungu aliyoipenda yeye. Mmoja wa mikanda hiyo ulikuwa The Snows of Kilimanjaro, ya mwaka 1952. Watoto tulikaa sakafuni kusubiri mlima. Mlima ulionyeshwa kidogo, kisha hadithi ikahamia Paris na Hispania, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu ile ilitengenezwa studio, California. Kaka zangu wakatoka nje kucheza mpira.

Mimi nilibaki kwa ajili ya Cynthia, mwanamke wa Paris aliyechezwa na Ava. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anageuza shingo vile. Cynthia anafia vitani Hispania, chini ya gari la wagonjwa alilokuwa akiliendesha, na stelingi, Gregory Peck, anamkuta akiwa kwenye pumzi za mwisho.

“Shangazi, mbona huyu mama amekufa mapema hivyo?” niliuliza.

“Kafa kwenye picha hii tu, mama. Kwenye Mogambo yuko hai mpaka mwisho.”

Mogambo niliiona baadaye, nilipokwenda Dar es Salaam kusoma na kukaa kwa shangazi huyo huyo. Ava ni Kelly, mwanamke mwenye maneno mengi aliyeachwa porini na bwana asiyetokea, anayempenda mwindaji (Clark Gable) halafu anamwona mwindaji huyo akimtamani mke wa mtu (Grace Kelly). Kuna mahali Ava anawalisha watoto wa tembo na kifaru, nao wanamsukuma huku na huku mpaka anagaagaa matopeni, naye anacheka na kufoka kwa wakati mmoja. Shangazi alikuwa akiurudisha mkanda hapo kila mara. Nilipoendelea kukua, jicho langu lilianza kuhamia kwa watu wengine waliomo: wapagazi, wapiga kasia, wale wanaosimama nyuma ya Gable bila jina wala neno la maana. Filamu ile ilianza kupigwa picha mwishoni mwa 1952, muda mfupi baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari Kenya. Hayo hayamo kwenye filamu kabisa. Ava anachekesha na anagusa moyo, lakini picha yenyewe inaitumia ardhi yetu kama mapambo ya ukutani, na kwangu mimi hilo limeipunguzia hadhi.

Kwa hiyo nikaanza kumtafuta kwingine. Mikanda ilipokwisha zama zake zikaja DVD, na ndugu aliyekuwa akifanya kazi Uingereza akawa ananitumia nilizomwomba. Ndipo nilipoipata Pandora and the Flying Dutchman ya mwaka 1951. Iliandikwa na kuongozwa na Albert Lewin, ikapigwa picha Tossa de Mar, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Catalonia, ambako mpaka leo ipo sanamu ya shaba ya Ava ikitazama bahari. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, bwana mkubwa wa filamu za rangi. Hadithi ni ya ajabu: baharia wa Kiholanzi amelaaniwa azunguke baharini karne na karne mpaka apate mwanamke atakayekubali kufa kwa ajili yake. Mwanaume mmoja, dereva wa mbio za magari, analisukuma gari lake kutoka juu ya genge litumbukie baharini ili tu kuthibitisha kwamba anampenda Pandora. Usiku Pandora anaogelea mpaka kwenye jahazi lililotia nanga, anapanda, na kumkuta mwenye jahazi (James Mason) akichora picha. Sura iliyo kwenye picha ni ya Pandora mwenyewe, na hawajawahi kuonana.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa filamu yangu ya kwanza miongoni mwa zote, na bado naipenda sana. Ni filamu ya kumtazama Ava. Kila mtu ndani yake anamtazama, kamera inamtazama, na mimi nilikuwa nimejiunga na msururu huo wa watazamaji. Mwanga wa Cardiff ukimpiga shavuni, maneno anayoyasema yanapita bila mtu kuyashika.

Mambo yalianza kubadilika kwa Show Boat, ambayo nayo ni ya 1951. Hii haikuwa filamu ndogo. Ilikuwa muziki mkubwa wa MGM. Ava ni Julie, mwimbaji kwenye meli ya maonyesho huko Kusini mwa Marekani, mwenye damu ya Kiafrika anayeishi kama Mzungu na ameolewa na Mzungu. Siri inapofichuka, sheria inamfukuza melini. Lena Horne, mwimbaji Mweusi na rafiki wa Ava, alikuwa ameshaimba sehemu ya Julie katika filamu ya 1946, na wengi waliona nafasi ile ni yake. Hollywood ya wakati ule haikuwa tayari kuonyesha ndoa ya Mweusi na Mzungu ikichezwa na Mweusi wa kweli. Ubaguzi ule haufutiki kwa uzuri wa Ava, nami siipendi filamu ile kiasi cha kuutetea.

Kilichonigeuza ni nyimbo zake. Ava alijifunza na kuzirekodi kwa sauti yake, kisha studio ikaiweka kando na kumpa Annette Warren aimbe badala yake. Kwenye filamu midomo ni ya Ava, sauti ni ya mtu mwingine. Mwaka 1994 ilitoka That's Entertainment! III, mkusanyiko wa vipande vya hazina ya MGM, na humo wakarudisha wimbo mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Niliusikia miaka mingi baadaye. Sauti ni ya chini kidogo na haina mapambo. Unasikia pumzi kati ya mstari na mstari. Mwimbaji aliyewekwa badala yake ni hodari zaidi kwa ufundi, hilo halina ubishi. Lakini Ava ndiye Julie: mwanamke anayeimba wimbo anaoujua tangu utotoni huku akiogopa mtu asije akagundua ameujulia wapi.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye filamu zake zote nikiwa na masikio mapya, na nikaanza kusoma habari za maisha yake. Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1922, Grabtown, North Carolina, mtoto wa mwisho kati ya saba katika familia ya wakulima wa tumbaku. Picha yake iliyowekwa dirishani mwa studio ya shemeji yake New York ndiyo iliyomfikisha MGM mwaka 1941. Huko waliona lafudhi yake ya Kusini ni nzito mno, wakampa mwalimu wa kumfundisha kusema upya. Kwa miaka kadhaa alipewa vijisehemu vya kupita tu, mpaka The Killers ya 1946 ilipomtoa. Kwa hiyo studio ilianza kwa kuirekebisha sauti yake, na miaka kumi baadaye, kwenye Show Boat, ikaiondoa kabisa. Mwenyewe alizoea kusema kwamba hajui kuigiza, na watu wakamwamini. Mimi simwamini.

Nafika sasa kwenye filamu iliyonishika kuliko zote, Bhowani Junction ya mwaka 1956. Iliongozwa na George Cukor kutoka riwaya ya John Masters, na ingawa hadithi ni ya India, MGM ilikwenda kuipigia Lahore, Pakistan. Ni mwaka 1947, Waingereza wanafunga mizigo. Ava ni Victoria Jones, binti wa dereva wa treni, chotara wa Kihindi na Kiingereza, anayerudi nyumbani kutoka jeshini. Wanaume watatu wanamtaka, na kila mmoja ana jibu lake la swali la Victoria ni nani. Patrick, mfanyakazi wa reli, chotara kama yeye, anataka wajifanye Waingereza mpaka mwisho. Ranjit, Kalasinga, anamvuta upande wa India mpya. Kanali Savage ni Mwingereza mwenyewe. Mtazamaji wa kwetu atawatambua wawili: Bill Travers, anayecheza Patrick, ndiye George Adamson wa Born Free, na Stewart Granger, kanali, ndiye mwindaji wa King Solomon's Mines. Zote mbili zilipigwa picha Afrika Mashariki.

Mtu aliyekulia njia panda ya reli hawezi kuiangalia filamu hii kama mgeni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo mji wetu ni mahali pa kubadilishia treni na pa watu waliotoka kila upande. Baba alikuwa akitusimulia habari za Wagoa na Wahindi walioshika ukarani na ustesheni masta wakati wa Waingereza, na hofu waliyokuwa nayo Uhuru ulipokaribia. Kwenye kota yetu alikuwepo msichana ambaye mama yake alikuwa Mnyamwezi na baba yake Mwarabu. Fomu za shule zikija, penye nafasi ya kabila alikuwa akiishika kalamu muda mrefu kuliko sisi wote. Nilipomwona Victoria Jones nilimkumbuka msichana yule.

Sikiliza sauti ya Ava humo. Mbele ya maafisa wa jeshi inakaza. Nyumbani kwa baba yake inalegea, inapata mwendo mwingine. Usiku mmoja afisa wa Kiingereza anajaribu kumbaka kwenye eneo la reli, naye anampiga kwa chuma na kumuua. Baada ya hapo sauti yake inakuwa kavu, ya mtu anayechagua kila neno. Anakimbilia kwao Ranjit, anavaa sari, anakubali kuingizwa katika dini yao. Kwenye gurudwara, katikati ya sherehe, anainuka na kutoka mbio. Kwa macho ya mtu aliyezoea kumtazama tu, pale ni mrembo aliyevaa sari. Mimi nilimwona mtu ambaye kila upande unamkaribisha kwa sharti la kukana upande wa pili.

Filamu ina kasoro kubwa. Mwigizaji wa Kiingereza, Francis Matthews, amepakwa rangi ili awe Kalasinga, na Ava naye ni Mmarekani Mzungu aliyepewa maisha ya chotara wa India. Isitoshe, studio iliikata kazi ya Cukor na kuipanga upya, ikaweka kanali akimsimulia jenerali wake habari za Victoria ndani ya treni. Yaani hata humu wamemchukulia sauti, wakampa mwanaume asimulie. Pamoja na hayo yote, Ava anavuka. Kila kanali anaponyamaza, hadithi inarudi kwa mwenyewe.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuwapenda wanawake wake wa baadaye. Kwenye On the Beach ya 1959 ni Moira, mlevi anayesubiri mwisho wa dunia Melbourne. Kwenye The Night of the Iguana ya 1964, chini ya John Huston, ni Maxine, mwenye hoteli chakavu kwenye pwani ya Mexico. Alikuwa na miaka 40 alipoicheza, akatembea pekupeku, akacheka kwa kifua kizima, na tamasha la San Sebastián likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Tam Lin ya 1970, filamu pekee iliyoongozwa na Roddy McDowall, haikupata bahati; kampuni ikaikata na kuitoa upya kwa jina jingine. Humo Ava ni tajiri anayezungukwa na vijana na anayejua kwamba watamwacha.

Alifariki London tarehe 25 Januari 1990, akazikwa Smithfield, karibu na alikozaliwa. Hapo yapo makumbusho yake, yaliyotokana na mali alizozikusanya Tom Banks, mtu aliyebusiwa shavuni na Ava akiwa mtoto, kabla ulimwengu haujamjua, akatumia maisha yake kukusanya kila kilichomhusu. Namwelewa kabisa.

Shangazi sasa ni mtu mzima sana na bado anaitetea Mogambo, na siku moja tulibishana mpaka chai ikapoa. Alikubali kuiangalia Bhowani Junction pamoja nami mpaka mwisho, na alichosema kilikuwa kifupi: “Kumbe alikuwa anaweza.”

Kwa hiyo wewe unayemjua Ava Gardner kwa kalenda na mabango, anza na Bhowani Junction. Kanali akianza kusimulia, mvumilie. Victoria akianza kusema, ongeza sauti.