Kasuku angejifunza nini kwetu?

Jioni moja jirani alikuja mlangoni kwetu hapa Nyarugusu na kikapu kilichofunikwa kitenge. Ndani kulikuwa na kasuku wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili. Watoto wangu wanne waliacha ugali wao. Yule mdogo, wa miaka sita, akanishika mkono: "Papa, tumuchukue! Atakuwa anatuongelesha."

Niseme ukweli, mimi nilimtaka kuliko wao. Nimezaliwa Kindu, kule Maniema, kando ya mto Lualaba. Kwa mama yangu tulikuwa na kasuku wa namna hii hii. Tulimpa ngazi, zile za mawese, na mahindi mabichi. Alijua majina yetu sote, na alituita kwa sauti ya mama mwenyewe. Unakimbia kutoka mtoni, unafika, unakuta mama amelala zake.

Nikamwomba jirani anipe siku mbili, nikaanza kumkagua. Kwanza macho. Kasuku mchanga ana macho meusimeusi, na akikomaa yanakuwa ya njano. Huyu yake yalikuwa ya njano, na kifuani manyoya yalikuwa yamegandana kwa ulimbo. Basi nikajua ni mtu mzima aliyenaswa porini. Wa hivyo hazoei watoto haraka, na mdomo unaopasua ngazi hausumbuliwi na kidole cha mtoto.

Pili, umri. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, hata zaidi. Mimi sijui mwaka kesho nitalala wapi, na kasuku haandikwi kwenye kadi ya familia. Tatu, afya. Vumbi la kinyesi chake kikikauka linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, na sisi tunalala sita kwenye chumba kimoja. Nne, sheria. Ndege wa porini hafugwi bila kibali, na tangu 2017 mkataba wa kimataifa unakataza kuuza kasuku wa kijivu wa porini kutoka nchi moja kwenda nyingine. Tena ni ndege wa kundi. Akiachwa peke yake anaweza kujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ionekane.

Lakini si hayo yaliyoniamulia. Niliamua usiku wa pili, wakati usingizi umekataa.

Vita vilipofika Kindu mwaka 1998, kaka yangu alitoka asubuhi na hakurudi. Mama alilia wiki nyingi. Halafu akanyamaza, akarudi shambani, maisha yakaendelea. Kasuku hakunyamaza. Kila alfajiri, mama akiwasha moto, ndege alilia kile kilio chake, vilevile, na pale pa kuvuta pumzi katikati. Mama alikuwa anafunika tundu kwa kitenge bila kusema neno. Ndege hakuwa na kosa. Alikuwa anatupatia alichosikia kwetu.

Basi nikalala nikisikiliza nyumba yangu. Binti yangu mkubwa bado anapiga kelele usingizini. Mimi na mama yao tunabishana kwa sauti ya chini, unga utafika tarehe gani, na tutajibu nini wakituita kwenye mahojiano. Ukuta ni wa udongo, kila kitu kinasikika. Nikajiuliza: huyu ndege akichota maneno humu, atatuambia nini baada ya miaka ishirini?

Asubuhi nilimrudishia jirani kikapu. Alikwenda nacho wapi sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Yule mdogo hakunisemesha siku nzima.

Wewe mzazi unayetaka ndege kwa ajili ya watoto, usiangalie rangi kwanza. Angalia nafasi, muda wako, na kinachosemwa nyumbani. Sisi tulichukua njiwa wawili. Wanalala kwenye boksi juu ya mlango, asubuhi wanaruka, jioni wanarudi wenyewe. Watoto wanawapa mahindi, na kusafisha boksi ni zamu ya kila mtu.

Juzi binti mkubwa aliniuliza: "Papa, yule kasuku alikuwa anawaita namna gani?" Nilikuwa sijajaribu ile sauti tangu mama afariki. Nikakohoa kidogo, nikawaita wote wanne, mmoja mmoja, kama mama alivyoita. Wakacheka. Mdogo akasema: "Rudia."