Walikodi Tela la Kulala Kwenda Grand Canyon, Fundi wa Kigamboni Akapiga Simu

Kwa ambao hawajawahi kuliona, tela la kulala ni kinyumba chenye matairi kinachovutwa na pikapu. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo cha kujibana, na meza ambayo usiku ukiishusha inageuka kitanda cha pili. Instagram linapendeza balaa. Ila picha hazionyeshi kwamba ndani ya futi 22 hakuna kona ya kwenda kuongea na simu mwenzako asisikie. Kuna wanandoa wa Kibongo wanaoishi Dallas ambao sasa wanalijua hilo vizuri sana.

Mke ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, mwaka wa nne huu. Mume anafanya kazi ghalani, mchana. Akirudi huyu, yule anatoka. Ndoa ilikuwa inaendeshwa kwa WhatsApp na vikaratasi kwenye mlango wa friji. Likizo zao zilipoangukia wiki moja kwa mara ya kwanza, wakakodi tela na pikapu, siku kumi, mpaka Grand Canyon kule Arizona. Kwenda tu ni kama kilomita 1,700.

Jioni ya kwanza, Amarillo, ilikuwa ya rivasi. Wadau, rivasi ya tela si mchezo. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Mume alijaribu mara saba, mke nyuma na tochi.

"Kushoto mume wangu!"

"Kushoto kwangu au kwa tela?"

Mzee mmoja wa tela la jirani akaja kuwapa siri: shika usukani kwa chini, halafu peleka mkono upande unaotaka tela liende. Jamaa akajibu kwamba anajua. Alikuwa hajui. Mke akakaa yeye, akaliingiza mara moja, akashuka bila kusema neno, na kwa mwanaume hilo linauma kuliko kusemwa.

Asubuhi wakapita Cadillac Ranch, yale magari 10 ya Cadillac yaliyofukiwa pua chini mwaka 1974, ambapo kila mgeni anakuja na kopo la rangi na kupuliza anachotaka. Wakaandika majina yao wakacheka mpaka machozi. Ilikuwa siku tamu. Mke alisema baadaye kwamba hakukumbuka lini walicheka hivyo mara ya mwisho.

Usiku wa tatu wakalala Holbrook, mji mdogo wa Arizona. Saa tano usiku pale, Bongo ni saa tatu asubuhi. Simu ikaita, mume akatoka nayo nje kimyakimya, akasimama mbele ya tela. Alichosahau ni kwamba simu ile mchana kutwa ilikuwa imeunganishwa na redio ya tela kwa ajili ya muziki. Nje yeye anasema "haloo, haloo" hasikii kitu. Ndani, kutoka kwenye spika za darini, mke kajilaza, anasikia sauti ya fundi kama matangazo ya msikitini:

"Bosi, mabati yameshuka, ila upande wa varanda hayatoshi. Halafu kaka yako anasema ile laki nane haijaingia."

Mabati ya nini? Varanda ya nani?

Kumbe kuna nyumba Kigamboni, mwaka wa pili inajengwa. Kwa miaka yote hiyo fundi alikuwa anapiga saa saba usiku ya Texas, mke akiwa anageuza wazee vitandani kwa zamu mbili mbili, akiamini wanadunduliza malipo ya awali ya nyumba yao hapo hapo Dallas.

Jamaa hakuwa na mchepuko, na hapo ndipo ugumu ulipo. Angekuwa nao, kila mtu angejua asimame wapi. Ilianza kama chumba kimoja cha mama yake mzazi, ikaongezeka cha pili, ikaja sebule. Kiwanja kikaandikwa jina la kaka yake "kwa sababu yeye ndiye yuko saiti". Kila mwezi uliopita bila kusema uliufanya unaofuata uwe mgumu zaidi. Wanaume wengi wa ughaibuni wanaijua hii, hata kama hawataikubali hapa.

Dallas, mke angehamia sebuleni. Hapa akashusha meza, akalala hatua mbili kutoka kwa mtu ambaye hakutaka kumsikia hata akipumua. Asubuhi ikabidi waongee, maana tela haliungwi na mtu mmoja kirahisi.

"Rudi. Rudi. Simama." Basi.

Wakaingia Petrified Forest, hifadhi yenye magogo yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kuokota hata kipande ni kosa. Walioiba huwa wanarudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, wengine wakilalamika kwamba tangu wachukue jiwe wana mikosi tu. Lakini jiwe likirudi halirudishwi lilikotoka, kwa sababu hakuna anayejua lilikaa wapi hasa, na kulitupa popote kutawachanganya wanasayansi. Linawekwa kwenye lundo pembeni na mengine yaliyorudi. Mke alisoma habari hiyo yote, mstari kwa mstari. Kwenye gari ndipo akafungua mdomo.

"Ina vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Na jiko?"

"La ndani."

"Nani alichagua?"

Mume akaangalia barabara.

Grand Canyon walifika. Korongo lina urefu wa kilomita 446, na kutoka ukingoni mpaka chini ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Wakapiga picha kamshika kiuno, ikapanda mtandaoni, watu wakamwaga mioyo na "Mungu awatunze". Hakuna aliyegundua kwamba mke haangalii kamera.

Usiku huo saa tano alichukua simu ya mume, akahakikisha mwenyewe kwamba imeshikana na redio, akapiga.

"Shikamoo bosi," fundi akaitikia darini.

"Marahaba. Siye bosi wako, ni mkewe. Hebu anza tena hapo kwenye mabati, taratibu. Na umwambie shemeji yangu nitampigia kesho kuhusu jina kwenye hati."

Mume alikuwa amekaa mezani. Hakukuwa na pa kutokea.