Tupa Kwanza

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, lifungue jarida hili katikati kabisa. Hutaona pini. Utaona uzi mweupe uliopita kwenye matundu matano, na fundo moja dogo. Toleo lililopita lilikuwa na pini mbili, na kwa joto na chumvi ya Dar es Salaam zilianza kushika kutu hata kabla wasomaji wa Mbagala hawajalimaliza. Wengi mmeniuliza kijiweni uzi huu umetoka wapi, nami nikajibu tu, "Tumejifunza." Jibu hilo nimeona halitoshi.

Sisi tunaoandika humu ni watu sita, na hakuna mwenye mshahara. Mimi nabeba maboksi ya karatasi na madaftari kwenye maduka ya Kariakoo, mwenzangu mmoja anauza vocha, mwingine ni mwanafunzi, waliobaki wanabangaiza. Kuchapa kurasa tulikuwa tunamudu, maana kurudufu ni kazi ya mashine na bei yake inajulikana. Kilichokuwa kinatumaliza ni kazi ya mwisho: kukunja, kubana na kukata kingo. Duka lililokuwa likitufanyia lilipandisha bei mpaka ikapita ile ya karatasi yenyewe. Tukaitisha kikao, watu sita na vikombe vinne vya chai, ajenda ikiwa moja: jarida life au lisife. Wawili walisema life. Siwalaumu, walikuwa wamechoka kuchangishwa hela ambayo nyumbani ilikuwa inasubiriwa kwa unga.

Hapo ndipo yule wa vocha alipotuambia kwamba huko Temeke kuna karakana ambayo unalipa kiasi kidogo kwa mwezi, unatumia vifaa vya wote, na kuna wazee wanakufundisha. Nikacheka. Mjini hapa nilikuwa najua njia mbili tu za kujifunza kazi ya mkono. Ya kwanza ni chuo, kama vile VETA, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 1994. Njia nzuri, lakini inataka ada na inataka mchana wako, na mchana wangu tayari una mwenyewe. Ya pili ni kuwa saidia fundi.

Kaka yangu ni saidia fundi gereji, huu mwaka wa tatu. Anajua fundi anapenda chai yenye vijiko vingapi vya sukari. Anajua spana namba kumi na saba iko wapi hata gizani. Lakini injini ikifunguliwa, anatumwa maji. Na fundi wake wala si mtu mbaya, tuseme ukweli. Anajua kwamba huyu kijana akishajua kufunga pistoni, kesho atavuka barabara, atafungua gereji yake upande wa pili, na wateja watamfuata kwa bei ya chini. Siri ndiyo mtaji wake. Nani agawe mtaji wake bure?

Nilikwenda Temeke siku ya Jumapili nikiwa na wazo hilo kichwani. Nikakuta banda la bati lenye sakafu ya saruji, meza nne ndefu, ukuta mzima umechorwa vivuli vya vifaa: kivuli cha nyundo, cha msumeno, cha koleo. Kifaa kikiwa hakipo, unaona kivuli chake kitupu na mtu anauliza kwa sauti, "Nani ana koleo?" Hakuna mlinzi wa vifaa. Vile vivuli ndivyo mlinzi. Jina la mahali pale silitaji kwa sababu wenyewe waliniomba. Wanasema watu wakijaa, meza nne hazitatosha.

Wazo lenyewe halijaanza leo. Serikali yetu iliunda SIDO mwaka 1973 ili viwanda vidogo vipate mafunzo na mahali pa kufanyia kazi. Kule Marekani, mwaka 1998, profesa wa MIT aitwaye Neil Gershenfeld alianza kufundisha darasa la namna ya kutengeneza karibu kitu chochote, na kutokana na kazi yake na wenzake zikazaliwa karakana za jamii ambazo sasa zimeenea duniani, zenye mashine zinazofanana ili mchoro wa mji mmoja uweze kutengenezwa mji mwingine. Jirani zetu wa Nairobi wanayo Gearbox. Hii ya Temeke ni ndogo kuliko zote hizo, lakini nayo ina mashine moja inayojenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka kwa amri ya kompyuta. Wageni wakija hupigwa picha pembeni yake. Kwa maoni yangu kifaa cha maana kuliko vyote mle ndani ni jiliwa, lile dude la chuma la kubania ambalo mtaani tunaliita vaisi. Bila kitu cha kushika kazi yako, mikono yako miwili haina thamani.

Mzee wa zamu siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, kisha akauliza nimekuja kutaka nini. Nikamweleza habari za jarida: tunataka mashine ya kubania vitabu. Akafikiri kidogo, akasema, "Tupa kwanza."

Yule wa vocha akaangalia huku na huku akitafuta cha kutupa.

Tupa, msomaji, ni kile chuma chenye meno madogo madogo cha kulainishia na kusawazishia chuma kingine. Mzee alinipa kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, kimekatwa hovyo hovyo, akaniambia nikifanye mraba. Pande zote ziwe bapa, kila kona iwe sawasawa. Nikadhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua Jumapili tatu.

Jinsi ya kupima ni hivi. Unaweka skwea juu ya chuma, unainua vyote viwili usawa wa macho, unatazama dirishani. Ukiona mwanga unapita katikati, bado. Tupa unaisukuma kwenda mbele kwa uzito, ukirudi unaipunguzia uzito, maana meno yake yanakata kwa kwenda tu. Mikono ya mtu mgeni hupanda na kushuka kama bembea, kwa hiyo chuma kinakuwa na mgongo katikati. Mzee alikuwa hashiki kazi yangu. Alikuwa anaigusa miguu yangu kwa fimbo: huu mbele, huu nyuma. Unasimama vibaya, unakata vibaya, basi.

Baadaye ndipo nilipojua kwa nini hashiki. Mikono yake inatetemeka. Alianza kazi kama mwanagenzi katika karakana ya reli kule Nairobi, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na ilipovunjika mwaka 1977 alirudi nyumbani kama wengi. Amekereza vyuma vya injini za treni. Leo hawezi kumimina chai bila kumwaga. Yote anayoyajua yamebaki kichwani na mdomoni, na yatatoka humo tu ikiwa kuna mtu amesimama mbele yake na tupa mkononi. Hilo ndilo linalofanya karakana ile isifanane na gereji ya kaka yangu. Fundi wa gereji akifundisha anapoteza. Mzee huyu asipofundisha ndipo anapopoteza.

Nililipenda neno lake hilo, mwanagenzi. Saidia fundi anamsaidia fundi. Mwanagenzi anajifunza ufundi, na tangu siku ya kwanza watu wote wanajua kwamba ataondoka nao.

Jumapili ya nne mwanga haukupita. Mzee akakigeuza kile kipande mara mbili, akakiweka mfukoni mwake, hakusema kitu. Akachukua chaki, akachora mashine sakafuni.

Mashine yetu ya kubania ni fremu ya mabomba ya mraba ya inchi mbili, sahani moja ya chuma iliyosimama na moja inayopanda, na chini yake jeki ya gari ya tani mbili tuliyoinunua mtumba Shaurimoyo. Unapiga jeki, sahani inapanda, kitabu kinabanwa. Hakuna cha ajabu. Kazi iko kwenye fremu, kwa sababu fremu ikipinda hata kidogo, kitabu kinabanwa upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Mzee alitufundisha kwamba msumeno wa chuma unafungwa meno yakitazama mbele, na kwamba ukikata bomba jembamba lazima meno yasiyopungua matatu yawe yanagusa chuma kwa wakati mmoja, la sivyo yananasa na kung'oka. Alitufundisha kupima kona kwa kamba: tatu upande huu, nne upande ule, na ikiwa mshazari ni tano, kona yako ni sawa. Hesabu hiyo nilipigiwa fimbo darasani miaka miwili na sikuwahi kuona kazi yake.

Kuchomelea alitufundisha dada mmoja wa karakana, tukifuata maneno ya Mzee. Chuma kilichochomelewa kikipoa hujivuta. Ukichomelea kona moja mpaka mwisho, fremu nzima inakufuata. Kwa hiyo unaweka kwanza madoa madogo kwenye kona zote nne, ukienda kona kwa kona inayotazamana nayo, unapima mishazari yote miwili, ndipo unamalizia. Yetu ilipishana milimita moja. Mzee alisema treni ingekataa, kitabu kitakubali.

Lakini karatasi Mzee haijui, na hakujifanya anaijua. Akatuambia tumngoje mama mmoja. Mama huyo alikuja na kiti chake kilichovunjika mguu. Zamani alikuwa mshonaji vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Alipoona karatasi zetu hakusalimia mara mbili, alichukua moja akaichana kwa urefu, ikachanika ikanyooka. Akaichana kwa upana, ikaenda upogo.

"Umeona, baba? Karatasi ina nyuzi. Mkunjo ufuate nyuzi."

Mimi nabeba karatasi kila siku mgongoni, miaka minne, na sikuwa najua kwamba ina upande. Karatasi za A4 tunazonunua kwa kawaida nyuzi zake zimelala kwa urefu, na sisi tulikuwa tunazikunja katikati kukata nyuzi hizo. Ndiyo maana toleo la zamani lilikuwa linajifungua lenyewe mezani kama mdomo wa samaki. Nikaenda kwa bosi wangu Kariakoo nikamwomba anikatie karatasi kubwa kwa upande mwingine. Alinitazama kama amemwona kuli mwingine. Akakata, hakuchukua hela.

Kushona ni kazi nyepesi kuliko maelezo yake. Karatasi kumi zikikunjwa pamoja ni kurasa arobaini. Unatoboa matundu matano kwenye mkunjo kwa sindano ya washona viatu. Unaanzia tundu la katikati, unakwenda mpaka mwisho wa juu, unarudi, unaruka lile la katikati, unakwenda mpaka mwisho wa chini, unarudi katikati na kufunga fundo juu ya uzi uliorukwa. Karatasi za ndani hutokeza nje kuliko za juu, kwa hiyo lazima ukate kingo: unalibana jarida kwenye mashine, unapitisha patasi kali, upande wake bapa ukilala kwenye sahani ya chuma. Mzee aliikataa patasi yetu mara mbili mpaka iliponyoa nywele za mkono.

Tumeshona nakala mia mbili. Sebule ya dada yangu ilijaa uzi wiki nzima, na watoto wake wakajua kufunga fundo kabla sijawafundisha. Hesabu ya fedha ni kwamba toleo hili limetugharimu karatasi, kurudufu, uzi na ada ya karakana, na hatudaiwi na mtu. Wale wawili waliosema life, mmoja ndiye aliyeshona nakala nyingi kuliko sisi wote. Mwingine hajarudi.

Ada kubwa ya karakana ile, hata hivyo, si fedha. Ukifundishwa kitu, unafundisha mtu mmoja kitu hicho hicho kabla hujapewa kingine. Mimi nimepewa binti wa miaka kumi na sita anayetaka kutengeneza mkokoteni wa kuuzia maji mama yake. Jumapili iliyopita aliniuliza lini ataanza kuchomelea. Nimempa tupa. Amenikasirikia, na ana haki. Mama yake anabeba ndoo leo, hazibebwi Jumapili ya nne. Nimemwomba Mzee ruhusa binti aanze fremu huku akiendelea na mraba. Mzee hajajibu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimewahi kuona gurudumu lililotoka kwenye ekseli katikati ya barabara ya Mandela.

Na kuna jambo lingine. Mwenye kiwanja anataka banda livunjwe apaki malori. Mkataba unakwisha Desemba. Tumeandika barua, safari hii sisi wa jarida ndio tulioulizwa namna ya kufanya, na kwa mara ya kwanza mle ndani nilikuwa najua kitu ambacho Mzee hakijui. Alisimama nyuma yangu nikiandika, akigusa kwa fimbo kila sentensi ndefu.

Mashine ya kubania bado ipo pale. Kama una maandiko yako na unataka kuyashona, njoo Jumapili na uzi wako, uzi wa pamba mnene, si nailoni, nailoni inakata karatasi. Jeki inavuja mafuta kidogo. Tunaifungua wiki hii.