Pwani Mbili za Kasai

Mji uliozaliwa na bahari mara nyingi humsahau mama yake. Hupokea kwake samaki, chumvi, upepo na marikebu. Na ukishakuwa mkubwa humgeuzia kisogo, ukamjengea ukuta na kummwagia taka, hata watoto wake wakakua bila ya kujua kuwa wana bahari. Tokyo ni mji wa namna hiyo. Ramani yaonyesha kuwa umekaa kichwani mwa ghuba pana, lakini mtu aweza kuishi humo miaka mingi asilowe unyayo kwa maji ya chumvi, kwa kuwa ghala, viwanda, bandari na barabara vimeshika karibu ukingo wote. Kwa sababu hii bustani ya Kasai Rinkai, iliyo katika wilaya ya Edogawa, yastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko itazamwavyo na wengi waiendeao kwa starehe ya siku moja.

Safari ya kwenda huko ni nyepesi. Gari la moshi la njia ya Keiyo huondoka stesheni kuu ya Tokyo, na kwa muda wa robo saa hivi humfikisha abiria kwenye stesheni yenye jina la bustani yenyewe. Kutoka hapo njia pana huelekea baharini. Siku ya Jumapili hewa ikiwa njema njia hiyo hujaa: baba amebeba hema dogo, mama ana kikapu cha chakula, bibi anasukuma kigari cha mtoto mchanga, na watoto wametangulia mbio na ndoo zao. Bustani ilifunguliwa mwaka 1989, na eneo lake ni hektari 80 hivi. Kuingia ni bure. Mna nyasi za kuchezea, mna maua, mna gurudumu la kupandisha watu hewani lenye kimo cha mita 117, na mna jumba la samaki lililosanifiwa na Yoshio Taniguchi, lenye kuba la kioo liangazalo mbele ya bahari.

Mbele ya bustani lipo daraja, na ng'ambo ya daraja ipo Pwani ya Magharibi, ambayo kwa Kijapani huitwa Nishi Nagisa. Ni upinde wa mchanga uliotengenezwa na mikono ya watu baina ya midomo ya mito miwili, Arakawa na Kyu-Edogawa. Mbele yake ni ghuba. Nyuma yake ni majumba ya mji. Ng'ambo ya mto ni majengo ya Disneyland ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1983 juu ya ardhi iliyokuwa bahari. Hapa ndipo jamaa hutua mizigo yao. Maji yakipwa, mchanga na tope hutandaa mbali, na wakubwa kwa wadogo huinama kufukua kombe. Mtu wa Lamu, wa Pemba au wa Kilwa angefika hapo saa hiyo asingehitaji mkalimani. Mgongo uliopinda, macho yaliyoshuka, ndoo iliyo kando, na ukelele wa mtoto aliyeona kaa ni lugha ya pwani zote. Tofauti ni kwamba huku wafukuao hawakuletwa na haja ya kitoweo. Wengi ni watu wa maofisi na maduka, na mtoto wao huenda siku hiyo akaona kwa mara ya kwanza kuwa kombe ni kiumbe aliye hai, si kitu kizaliwacho sahanini. Walio wadogo mno hurudishwa mchangani. Mama amwambiaye mwanawe arudishe kile alichokipata kwa furaha amempa somo gumu, nalo litakutana naye tena kabla ya siku kuisha.

Adhuhuri jamaa hukaa juu ya jamvi wakafungua chakula. Mara nyingi ni matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani mweusi, mwembamba mfano wa karatasi, ambao Wajapani huuita nori. Watoto huyala bila ya kufikiri. Walakini katika tonge hilo imo historia ya mahali walipokaa. Maji haya ya Kasai yalikuwa shamba la mwani. Kwa vizazi vingi wavuvi wa ukingo huu walisimika mianzi katika maji haba, mwani ukaota juu yake wakati wa baridi, wakauvuna kwa vidole vilivyokufa ganzi, wakaukatakata na kuuanika juani. Mwani, kombe na samaki viliwalisha, viliwavika, vikawaozea binti zao. Bahari ilikuwa shamba lisilo ua.

Shamba hilo halikufa kwa siku moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda viliongezeka kandokando ya mito, na uchafu wao ukashuka ghubani. Mwaka 1958 maji meusi ya kiwanda kimoja cha karatasi katika mto Edogawa yaliua samaki na kombe; tarehe 10 Juni mamia ya wavuvi wa Urayasu, mji wa jirani, waliingia kiwandani kwa hasira, wakapambana na polisi, na watu wengi wakaumia. Kabla ya mwaka ule kwisha Bunge la Japani lilipitisha sheria mbili za kulinda maji. Sheria zilikuja, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kuzidiwa. Viwanda vilivuta pia maji ya chini ya ardhi kwa wingi, na nchi ya upande huu wa mji ikadidimia, hata viwanja vingine vilivyokuwa mali ya watu vikamezwa na bahari. Mwaka 1962 wavuvi wa Tokyo waliachilia haki zao za kuvua katika ghuba, wakapewa fidia. Katika miaka hiyo hiyo kuoga baharini kulikoma Kasai.

Hivyo katika nyumba moja ya Kasai waliweza kukaa pamoja watu watatu: babu aliyelelewa na bahari, mwana aliyeonywa asiiguse, na mjukuu asiyejua kuwa ilikuwapo. Hasara ya babu ilionekana, kwa kuwa alipoteza kazi, na kwa ajili yake ilihesabiwa fidia. Hasara ya mjukuu haikuandikwa katika daftari yoyote. Mtu hawezi kudai kitu ambacho hakuambiwa kuwa ni chake. Na bahari isiyodaiwa na mtu hupata wenyewe upesi, nao huijia na mawe, saruji na malori ya mchanga.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni methali ya kweli, na ingekuwa kweli tupu hapa kama ukingo wote ungalipewa ghala na viwanda. Lakini ukingo ulipofukiwa na kupangwa upya, kazi iliyoanza katika miaka ya 1970, sehemu ya mbele ilitengwa kuwa bustani, na pwani mbili zikaumbwa upya kwa mchanga wa kumwagwa. Wapo wasemao kuwa pwani ya namna hii ni ya uongo, mfano wa meno ya bandia. Na iwe hivyo; mwenye meno ya bandia hutafuna, na kibogoyo hutazama wengine wakila. Kombe waliorudi kukaa mchangani hawakuuliza nani aliyeumwaga.

Kurudi kwa watu majini kulikawia kuliko kurudi kwa mchanga. Kwa miaka mingi bustani ilikuwapo na pwani ilikuwapo, na bado mtoto aliambiwa asivuke maji ya magoti. Watu wa kujitolea walishika kazi ya kusafisha maji na kuwasihi wakubwa wa mji. Walisimika mianzi majini kama walivyofanya zamani wakulima wa mwani, safari hii ili chaza wajishike. Maana chaza hula kwa kuchuja maji, na mahali wakaapo wengi maji hutakata. Mwaka 2015, kwa siku maalumu za kiangazi, Kasai ilifunguliwa tena kuwa mahali pa kuoga, baada ya nusu karne hivi. Ushindi huo haukuwa kamili. Katika sehemu kubwa ya Tokyo maji ya mvua na maji ya vyooni hupita katika bomba moja. Mvua kubwa inyeshapo bomba hufurika, na uchafu huteremka ghubani. Basi afya ya pwani haikai pwani peke yake. Imo katika kila jiko na kila choo cha mji, kwa watu ambao pengine hawajafika Kasai hata siku moja.

Jumba la samaki nalo limetoa mafunzo mawili ambayo waliolijenga hawakuyakusudia. Machi 2012 pengwini mmoja mchanga alitoroka humo, akaishi katika ghuba siku 82 akijitafutia riziki. Aliponaswa mwezi wa Mei alikuwa na afya njema. Mwisho wa mwaka 2014 jodari waliokuwa wakizunguka katika tangi la tani 2,200 za maji walianza kufa mmoja mmoja, hata Machi 2015 akabaki mmoja tu, na hapana sababu moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo iliyowaua. Mkimbizi alilishwa na bahari ambayo watu walikwisha kuihesabu kuwa maiti. Na waliotunzwa kwa kioo, pampu na maarifa walikufa mbele ya watunzaji wao. Mwanadamu aweza kuipa bahari nafasi ya kupona, lakini hawezi kufanya kazi yake badala yake.

Fundisho kubwa la Kasai, hata hivyo, limo mahali ambapo mgeni hafiki. Upande wa mashariki ipo pwani ya pili, Higashi Nagisa. Nayo iliumbwa na watu, lakini haina daraja, na kuingia humo kwa matembezi ni marufuku. Tope lake ni la kaa, la ndege, na la yule samaki mdogo arukaye juu ya tope, ambaye jamaa zake hujulikana na kila mtoto aliyecheza kwenye mikoko ya Afrika Mashariki. Wakati wa baridi bata wa baharini watokao kaskazini hutua kwa maelfu katika maji ya mbele yake, na vibisi wenye vishungi huzama na kuibuka kati yao. Mwezi wa Oktoba 2018 eneo la hektari 367 la pwani hizi na maji yake liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, likawa la kwanza katika Tokyo.

Mtoto aliye Pwani ya Magharibi aiona ile ya mashariki bila ya taabu. Mchanga wake hauna nyayo, na ndege wake ni wengi kuliko wa kwake. Akiuliza kwa nini hapana daraja, mzazi aweza kumjibu kuwa ni marufuku, na mazungumzo yakaisha. Aweza pia kumwambia kuwa ile ni ya ndege, kama vile kombe mdogo aliyerudishwa asubuhi alivyokuwa wa bahari. Mtu mwenye hesabu kali atauliza kama ni haki, katika mji ambao watu hubanana katika vyumba vidogo, kuwapa ndege pwani nzima. Jibu la swali lake lilikwisha kutolewa na miaka iliyopita. Bahari ya Kasai haikuangamizwa na watu walioichukia. Iliangamizwa na watu wengi, kila mmoja na haja yake ya haki, bila ya mmoja kukubali kuwa upo mpaka ambao haja yake isiuvuke. Pwani isiyo na daraja ni mpaka huo uliotiwa mchangani, mahali ambapo hata mtoto wa miaka mitano aweza kuuona.

Kwa kawaida lango la daraja hufungwa saa kumi na moja jioni. Hema hukunjwa, ndoo husuuzwa, na waliolala hubebwa mgongoni mpaka stesheni. Usiku pwani zote mbili huwa sawa: maji hujaa na kupwa juu yake, na nyayo za magharibi hufutika.