Mapigo Matatu

Mwaka 2012, nilipolitoa gari langu bandarini Dar es Salaam na kulifikisha nyumbani Tegeta, mama yangu alilizunguka mara mbili bila kusema neno. Akafungua mlango wa mbele, akaona kitasa kingine kimejificha ukingoni mwa mlango mdogo wa nyuma, akakivuta. Mlango ule ukafunguka kuelekea nyuma, na ubavu mzima wa gari ukabaki wazi, hauna nguzo katikati. Mama akacheka, akasema, "Mwanangu, hili si gari. Hili ni kabati."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu Mazda RX-8 yangu inaitwa Kabati. Lilitengenezwa Hiroshima mwaka 2004, likatumika Japani miaka minane, kisha likaja kwetu kwa meli kama yanavyokuja mengi. Nililinunua kwa sababu ya umbo. Sikuona haya kulisema wakati ule na sioni haya leo. Gari la kimichezo lenye viti vinne vya kukaliwa na watu wazima, boneti ndefu, mabega ya matairi yaliyovimba, usukani kulia kama tunavyoutaka. Ukilitazama kwa makini unaona pembetatu yenye mbavu nene kila mahali: kwenye mwinuko wa boneti, kwenye viegemeo vya kichwa, juu ya kirungu cha gia. Nilidhani ni nakshi tu. Ilinichukua miaka miwili na injini moja iliyokufa kuelewa kwamba pembetatu ile ndiyo gari lenyewe.

Siku hizo wenye RX-8 tuliokuwa tunafahamiana hapa mjini tulikuwa wachache, na mazungumzo yetu yalikuwa ya rimu, taa na rangi. Kipya kinyemi japo kidonda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake lini alipima oili. Kwenye kadi ujazo wa injini ulisomeka kama 1,300, sawasawa na kigari kidogo cha kupelekea watoto shule, nasi tukaamini tumepata kitu cha kasi chenye matumizi madogo. Mafuta yalitusahihisha upesi. La kwangu hutembea kilomita sita hivi kwa lita moja likiwa mjini, na kwenye foleni ya Mwenge hupungua zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba sikulijua ni kosa. Asubuhi moja jirani alitaka kutoa gari lake, langu likiwa limemzibia. Nikaliwasha, nikalirudisha nyuma hatua kumi, nikalizima, nikaingia ndani kunywa chai. Nusu saa baadaye nilipozungusha ufunguo, starta ilizunguka na kuzunguka, injini isiwake. Harufu ya petroli ikatapakaa. Vijana wa mtaa wakasukuma mpaka jasho likawatoka, na betri ikaisha. Fundi niliyemwita akabadilisha pampu ya mafuta ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Sasa najua kilichotokea. Injini ya rota ikiwa baridi hupewa petroli nyingi, na ukiizima kabla haijapata moto, petroli hulowesha plagi na kuosha utando wa oili unaosaidia kuziba mbano. Dawa yake haigharimu shilingi. Unakanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, na kompyuta ya gari inakata petroli. Unazungusha starta sekunde chache, injini inajikausha, kisha unajaribu tena kwa kawaida. Kinga yake ni rahisi zaidi: usiliwashe kama huendi safari, na ukishaliwasha, liache lipate moto ndipo ulizime.

Lakini wakati ule sikulijua hilo, wala lile kubwa zaidi. Gari hili hula oili kwa makusudi. Lina pampu ndogo inayoingiza oili ya injini ndani ya chumba cha kuchomea ili kulainisha ncha za rota, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Mimi nilikuwa nikisubiri kilomita 5,000 za kubadilisha oili kama nilivyozoea kwenye Corolla ya marehemu baba. Mara mbili nilikuta kijiti cha kupimia kikavu. Nilipomwambia fundi kwamba oili inapungua, akanijibu kwamba injini imechoka na nisihangaike kujaza, nisubiri ife nibadilishe. Nilimsikiliza. Mwaka 2014, nikiwa barabara ya Bagamoyo mchana wa jua kali, injini ilizima kwenye taa na ikakataa kuwaka ikiwa ya moto. Ikipoa inawaka. Ikipata moto inagoma. Baada ya wiki mbili haikuwaka tena kabisa.

Hapo nikayasikia maoni ya watu wote. Kwamba ni gari la mkosi. Kwamba Wajapani wenyewe walilitupa. Wenzangu wawili wenye magari kama hili waling'oa rota na kutia injini za Toyota, na mmoja wao alinihimiza nifanye vivyo hivyo. Mafundi watatu walikataa hata kufungua boneti. Kabati likakaa uani miezi saba, kuku wakalifanya kivuli.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Gerezani, mtu wa maneno machache, aliyewahi kufanya kazi na injini za rota alipokuwa Dubai. Alikuja na kipimo cha mbano cha kawaida, kile kila fundi anacho. Mbele yangu akakifungua na kutoa kijivalvu kinachozuia upepo usirudi. Nikamuuliza kwa nini anakiharibu. Akasema, "Kaka, kipimo hiki kwa pistoni kinakupa namba moja. Rota ina nyuso tatu. Ukikiacha kama kilivyo kitakuonyesha uso mzima na kukuficha ulio mgonjwa."

Akafungua plagi moja ya rota ya mbele, akafunga kipimo, akaniomba nizungushe starta pedali ikiwa chini. Mshale ukaruka. Puu, puu, puu. Mapigo matatu sawasawa, kama mtu anayetwanga kwa mchi mmoja bila kuchoka. Akahamia rota ya nyuma. Puu, fyu, fyu. Pigo moja zima, mawili dhaifu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Sili moja ya ncha ilikuwa imeisha, na kwa kuwa kila ncha inagawa nyuso mbili, ilipokufa yenyewe iliziua mbili.

Tulipofumua injini ndipo nilipoiona ile pembetatu ya kwenye boneti, safari hii ikiwa chuma kizito mkononi mwangu. Rota mbili tu, kila moja na ncha tatu, kila ncha na sili nyembamba yenye springi chini yake. Hakuna pistoni, hakuna valvu, hakuna shafti ya juu. Rota inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kila uso unavuta, unabana, unachoma na kutoa moshi kwa zamu. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imezunguka mara tatu. Ndiyo maana injini ya ujazo wa 1,308 kwenye toleo langu la gia sita ilitajwa Japani kuwa na nguvu za farasi 250 bila tabo, na ndiyo maana mstari wake mwekundu uko kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika.

Ukutani mwa chumba cha rota ya nyuma kulikuwa na michubuko, mistari mifupi iliyopangana. Fundi akapitisha ukucha juu yake, akatikisa kichwa. Baadaye nilisoma kwamba wahandisi wa Mazda, chini ya Kenichi Yamamoto, walipambana na mikwaruzo ya namna hiyo miaka ya 1960 walipokuwa wakijaribu kuifanya injini hii ya Mjerumani Felix Wankel iweze kudumu, nao wakaiita makucha ya shetani. Waliishinda kwa kubadilisha sili, na mwaka 1967 wakatoa Cosmo Sport. Mwaka 1991 gari lao la rota nne, 787B, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Mimi niliyarudisha makucha yale kwa uvivu wa kutofungua boneti.

Vipuri viliagizwa Japani, na kazi yote ilichukua miezi minne. Gharama ilikaribia nusu ya bei niliyolinunulia gari. Siku ya kuliwasha, fundi alinipa masharti kabla ya ufunguo: oili ipimwe kila ukijaza mafuta mara mbili, plagi na koili zibadilishwe mapema, usingoje zife, maji ya rejeta yasipungue hata kidogo, maana joto ndilo muuaji, na kila siku, injini ikishapata moto, ipandishwe juu walau mara moja.

Sharti la mwisho lilinishangaza. Tumelelewa kuamini kwamba gari lililotunzwa ni lile lililoendeshwa polepole. Gari hili ukilibembeleza linaugua. Masizi hujikusanya kwenye sili, sili zinanata, mbano unashuka. Ukilipandisha raundi linajisafisha. Wengi wetu tuliyaua magari yetu kwa upole, kwenye foleni, safari za kilomita tatu kwenda na kurudi.

Sharti lingine nilijiongezea mwenyewe. Nilikuwa Kunduchi nikinunua samaki, nikamweleza mvuvi mmoja kuhusu gari linalochoma oili. Mafundi wengi walinicheka nilipowaeleza. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Sasa, bwana, kwa nini usichanganye kabisa kwenye petroli, kama mashine ya boti?" Nilipomuuliza fundi wangu, akasema wenye rota duniani kote wamegawanyika kuhusu jambo hilo, wapo wanaochanganya na wapo wanaoitegemea pampu peke yake. Mimi nachanganya, kidogo, oili ya tustroki. Mvuvi yule aliielewa injini yangu kwa sababu maisha yake baharini yanaitegemea iliyo jamaa yake.

Mwaka 2017 nililipeleka Kabati Iringa. Tulipita Mikumi taratibu, tukapita Ruaha Mbuyuni, na alfajiri tukaanza kupanda Kitonga. Kwa bahati hapakuwa na lori mbele yetu. Nikashuka gia ya pili, mshale ukapanda elfu tano, sita, saba, na sauti ikawa nyembamba na laini kama cherehani inayokimbia kwenye kitambaa kirefu. Chupa ya maji kando yangu haikutikisika. Injini imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, na uzito umegawanywa nusu kwa nusu mbele na nyuma, kwa hiyo kona ikija gari haliburuzi pua. Unageuza usukani kidogo na lote linageuka pamoja nawe, kama mtu anayegeuka kiunoni. Mama alikuwa nyuma ya kabati lake. Tulipofika juu akasema, "Kumbe linataka milima."

Siku hizi tuliobaki na RX-8 tunapokutana, mazungumzo yamebadilika. Dada mmoja mfamasia anasema alijifunza nidhamu ya gari hili kirahisi kwa sababu ni kama mgonjwa wa kisukari: dozi kwa wakati, kipimo kwa wakati, na ataishi miaka mingi. Mzee mstaafu wa jeshi ana maoni tofauti. Anasema ni gari zuri la pili na ni kosa kulifanya la kwanza, maana siku moja utakuwa na haraka nalo litakuwa baridi. Kijana aliyetia injini ya Toyota hajuti. Gari lake linawaka kila asubuhi na vipuri vyake viko kila kona, ila amekiri kwamba pua imekuwa nzito na ile sauti anaikumbuka. Mwingine aliuza, akanunua gari la kifamilia, na bado huja kukaa nasi. Wote wana haki. Ninachokikataa ni neno mkosi tu.

Mazda iliacha kulitengeneza mwaka 2012, mwaka uleule niliolinunua langu, baada ya kutoa zaidi ya 190,000. Sheria za moshi zilikuwa zimeshalifungia soko la Ulaya. Mwaka 2023 rota ilirudi kwenye MX-30, lakini humo ni moja tu na kazi yake ni kuzalisha umeme, haizungushi matairi. Kwa hiyo yaliyopo barabarani kwetu ndiyo yaliyopo, na kila linalotupwa halina mbadala.

Ukitaka kununua moja, usianze na rangi. Omba kipimo cha mbano kilichotolewa valvu, fungua plagi, sikiliza. Yakilia mapigo matatu yaliyo sawa kwenye rota ya mbele, na matatu kwenye ya nyuma, lipia. Kisha, kabla hujatoka sheli siku hiyo ya kwanza, nunua lita moja ya oili, uiweke kwenye buti, na usikubali siku hata moja ikosekane.