Barua kutoka Southampton: Maji Yakipwa, Ubao Unasimama



Southampton ni mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na bamvua lake halipishani sana na la Unguja: maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Magati ya mashua za starehe hapa yanaelea. Yanapanda na kushuka pamoja na bahari, na kinachoyaunganisha na nchi kavu ni ubao mrefu uliofungwa kwa bawaba upande wa juu. Maji yakijaa, ubao unalala. Maji yakipwa, unasimama kama paa la makuti, na mwenye kitimwendo anabaki juu akizitazama mashua kwa mbali.

Hesabu yake ni nyepesi, na inauma. Kanuni za Marekani, ambazo zimeliandika jambo hili kwa vipimo, zinataka kila sentimita 1 ya kushuka ipewe sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo kushuka mita 4 kunadai ubao wa mita 48. Mwenye gati gani atanunua ubao wa namna hiyo? Hata kanuni zenyewe zinalegea: ukishafikisha mita 24 na ushei, hulazimiki kuongeza, mteremko uwe mkali kiasi gani. Mwenye kitimwendo asubiri maji.

Mwandishi wenu anaanza na ubao kwa makusudi, maana magazeti ya huku hupenda kuanza na mashujaa. Mashujaa wapo, tena wa kweli. Geoff Holt alikuwa baharia wa kulipwa, kijana wa miaka 18, alipopiga mbizi mwaka 1984 kwenye ghuba ya Cane Garden, kisiwa cha Tortola huko Karibiani, akavunjika shingo. Kuanzia kifuani kwenda chini mwili ukafa ganzi. Mwaka 2007 aliizunguka Uingereza peke yake katika chombo kidogo chenye mirengu pande zote mbili, ngalawa kabisa ila haikuchongwa kwa mti. Kisha akaivuka Atlantiki, na Januari 2010 akatia nanga katika ghuba ileile iliyomvunja. Katika safari hiyo ya pili alikuwa na mhudumu wa kumwosha na kumvika nguo, lakini kazi ya chombo ilikuwa yake Holt. Hakulificha hilo, na hapo ndipo mwandishi wenu alipomheshimu zaidi. Watu wengi wenye ulemavu wanahitaji mkono wa mtu asubuhi, na bado ni manahodha mchana.

Shujaa mwingine, Hilary Lister, aliweza kusogeza kichwa, macho na mdomo tu. Mwaka 2005 alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa peke yake, akiendesha kwa mirija: anavuta pumzi, usukani unakwenda upande huu, anapuliza, unarudi, mrija mwingine unakaza au kulegeza tanga. Miaka minne baadaye akaizunguka Uingereza. Mwaka 2014 alikatiza Bahari ya Arabuni kutoka Mumbai hadi Maskati, akiwa na Nashwa Al Kindi, baharia mwanamke wa Oman. Wazee wa Unguja na Mombasa hawahitaji kuelezwa bahari hiyo ni ipi. Majahazi yaliyokuja kwao na kaskazi yalianzia pande hizo. Lister alifariki mwaka 2018, hajafikisha miaka 50.

Sasa turudi gatini, kwa watu wasiotaka kuzunguka chochote, wanaotaka tu Jumamosi moja yenye upepo.

Mwaka 1978 Mwingereza mmoja, Christopher Rudd, aliyefundisha watoto wenye ulemavu, aliona kwamba kuwapakia watu hao kama mizigo ni nusu ya haki. Wafanye kazi. Shirika aliloanzisha, Jubilee Sailing Trust, likaunda merikebu ya matanga iitwayo Lord Nelson, iliyoanza safari mwaka 1986 kutoka hapa Southampton, na baadaye nyingine kubwa zaidi, Tenacious, merikebu ya mbao iliyojengwa hapahapa kwa msaada wa watu wa kujitolea, wenye ulemavu na wasio nao. Mabaharia walipangwa hivi: nusu wana ulemavu, nusu hawana, zamu moja, jiko moja.

Mafundi walifikiri. Kutoka sitaha hadi sitaha palikuwa na lifti. Dira ilisema kwa sauti, ili kipofu ashike usukani na kufuata njia. Kitanda cha kiziwi kilitikisika king'ora kilipolia. Mlingoti wa mbele unaotokeza juu ya maji, ambao kwa kawaida hutambaliwa kwa tumbo, ulitandazwa ukawa njia pana ya kitimwendo, na aliyetaka kwenda juu alipandishwa kwa kamba mlingotini, kiti na yeye ndani yake. Akiwa huko hana tofauti na mwenzake yeyote: wote wawili wanaogopa kuangalia chini.

Mwisho wa habari si mzuri. Lord Nelson ilistaafishwa mwaka 2019, na mwishoni mwa 2023 shirika likaishiwa fedha na kufunga shughuli. Merikebu za matanga hula pesa, na UVIKO haukusaidia.

Michezo nayo ilifunga mlango wake. Mashindano ya tanga yaligawa medali za Paralimpiki kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016, kisha yakaondolewa kwa sababu hayakuwa yameenea vya kutosha duniani. Los Angeles 2028 hayamo pia. Sababu hiyo ina ukweli, na inauma zaidi kwa sababu Afrika ni sehemu ya pengo lililohesabiwa.

Kilichobaki na kinachoendelea ni vitu vidogo. Holt, baada ya rekodi zake, alianzisha Wetwheels: boti za injini zenye sitaha sawasawa, ambamo kitimwendo kinabingirika moja kwa moja, na abiria anapewa usukani akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Hakuna mrija, hakuna kamera. Kwa hesabu ya mwandishi wenu, hilo limewafikisha watu wengi baharini kuliko Atlantiki nzima.

Huko nyumbani nusu ya ufundi huu mnao tayari. Pantoni la Likoni, Mombasa, hushusha mlango wake ufukweni kwa ajili ya malori na mikokoteni, na mwenye kitimwendo hupita humohumo, ingawa mteremko wa kulifikia ni wa kumshika mtu pumzi. Boti za watalii ni shauri jingine: mgeni huvua viatu, hukunja suruali, huyakanyaga maji mpaka mapajani. Asiyeweza hubebwa mgongoni na kijana wa boti, kama kijana yupo na kama mbebwa ameridhia. Fundi wa Nungwi, Unguja, anayetengeneza mashua mpya msimu huu anaweza kukata mlango ubavuni, juu ya mstari wa maji, na kulaza mbao za ndani ziwe sawa nao. Gharama ni mbao chache, bawaba mbili na siku kadhaa za kazi.