Sufuria ya Mlenda na Mstari wa Tatu

Kazi ya kufundisha kemia hapa Kibaigwa imeniachia msimamo mmoja: mstari wa tatu wa jedwali la elementi, kuanzia sodiamu hadi agoni, si wa kukariri. Kila ukisogea kulia, kiini huongezewa protoni moja, na elektroni inayoongezeka huingia ganda lilelile la nje. Mvuto unakaza, atomi inanywea. Sodiamu inaachia elektroni yake kirahisi, klorini inapora za wenzake. Oksidi za kushoto zina tabia ya alkali, za kulia ya asidi, na katikati pana alumini, ambayo ushahidi wake uko jikoni. Mlenda wa Kigogo hupikwa kwa magadi, na sufuria ya alumini iliyozoea magadi huwa nyeusi ndani. Siku ikipikiwa ukwaju, inatakata bila kusuguliwa. Utando wa oksidi unaoilinda huliwa na alkali, huliwa na asidi vilevile. Magnesi iliyo kushoto kwake, oksidi yake hukubali asidi tu. Silikoni iliyo kulia, oksidi yake ni mchanga wa korongoni: ukamulie ndimu kutwa nzima, hautikisiki, lakini uchome tanurini pamoja na magadi, utapata kioo. Majirani watatu, na tabia inageuka hatua kwa hatua mbele ya macho yako.

Wapo wanaopinga wakisema mteremko huo una visiki, na kweli vipo. Kung'oa elektroni ya kwanza ya magnesi hudai kilojuli 738 kwa moli, ya alumini 578 tu. Fosforasi 1012, salfa 1000. Lakini elektroni hiyo ya alumini imekaa ngazi ya juu kidogo kuliko zile mbili za magnesi, na ya salfa imebanwa chumba kimoja na mwenzake, wakati zile tatu za nje za fosforasi kila moja ina chumba chake. Mvuto haukulegea, makazi ndiyo yamebadilika. Toka 496 ya sodiamu hadi 1521 ya agoni, mwelekeo ni uleule. Wengine husema mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, basi sufuria ya nini? Mtihani huohuo huuliza sababu, na aliyekariri orodha hana sababu ya kuandika kwa lugha yoyote.

Sokoni kwetu, kwenye magunia ya mahindi, mstari huu una kazi nzito zaidi. Vidonge vya kufukizia dumuzi ni alumini, namba 13, iliyofungamana na fosforasi, namba 15. Unyevu wa hewa unazitenganisha: alumini, iliyo metali, inashika oksijeni ya maji na kubaki unga wa kijivu, fosforasi, isiyo metali, inachukua hidrojeni na kuondoka ikiwa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haimchagui dumuzi peke yake. Msilale chumba kimoja na mahindi yaliyofukizwa.